Uzi: Bamvua, gesi ya Msimbati na hesabu isiyo na njia ya mkato

Chaki_Nyeupe (Mtwara) · #1

Wakuu, salaam.

Kila mwaka nikifika kwenye trigonometria lazima kuna mwanafunzi atanyoosha mkono: "Mwalimu, hesabu si zilishaisha? Hao watafiti wa hesabu wanatafiti nini tena?" Wanajua mtu wa kituo cha utafiti cha Naliendele anatafiti mikorosho, wanajua daktari anatafiti dawa. Mtu wa hesabu kazi yake hawaioni.

Naleta jibu hapa kwa kuchukua tawi moja tu, uchanganuzi wa hamoniki, pamoja na mtoto wake anayeitwa uchanganuzi wa muda na masafa (masafa ni mara ngapi wimbi linajirudia kwa muda fulani). Nimelichagua kwa sababu sisi wa Mtwara na Lindi limetuzunguka. Liko baharini, liko kwenye gesi, liko kwenye simu unayosomea hapa. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatugombani.

Tuanze na maji. Anayekwenda kuchokoa pweza Msimbati au kufunga mwani Kilwa hasubiri mwalimu amwambie bamvua ni lini. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji yanapwa mpaka miamba inabaki nje, kisha yanajaa kwa kimo cha mita tatu na zaidi. Katikati hapo ni maji mafu. Na kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Haya mababu waliyajua vizuri.

Hesabu inachoongeza ni hiki. Chora kimo cha maji kwa mwezi mzima, utapata mstari unaopanda na kushuka kwa namna isiyoshikika. Mstari ule wote ni jumla ya mawimbi machache safi, kila moja likijirudia kwa mwendo wake bila kuchoka. Kubwa zaidi ni la mwezi, linarudi kila baada ya saa 12.42. Linafuata la jua, saa 12 kamili. Yakipanda pamoja ndiyo bamvua, moja likipanda huku lingine likishuka ndiyo maji mafu. Kutoka bamvua moja hadi nyingine ni siku 14.77, na namba hiyo haitoki popote zaidi ya kwenye tofauti ya hayo mawili. Yapo na madogo: la saa 12.66 linalotokana na mwezi kuisogelea dunia na kuiacha, la saa 25.82, la saa 23.93, na mengine mengi.

Kuuvunja mstari mmoja ukapata mawimbi safi yaliyouunda, ndio uchanganuzi wa hamoniki. Aliyelianzisha kwa ujasiri ni Joseph Fourier, Mfaransa. Mwaka 1807 aliwapelekea wakubwa wa sayansi Paris kazi yake kuhusu jinsi joto linavyosambaa, akadai kwamba umbo lolote la mstari, hata lenye kona na kuruka, linaweza kuandikwa kama jumla ya saini na kosaini. Lagrange, ambaye neno lake lilikuwa zito kuliko la wengi, akakataa. Kitabu chenyewe kilitoka 1822. Miaka hamsini baadaye, 1872, William Thomson, yule Lord Kelvin, akabuni mashine ya kapi na waya inayoyajumlisha mawimbi hayo na kutabiri maji ya bandarini. Mashine za ukoo huo ndizo zilizokokotoa maji ya Normandy kwa ajili ya Juni 1944.

Sasa nifike ninapotaka. Tuseme hujui lolote kuhusu mwezi wala jua, una mstari wa kimo cha maji tu. Upime kwa muda gani ili uweze kutenganisha wimbi la saa 12.42 na lile la saa 12? Siku 15 hivi. Ukipima siku tatu, hata kwa kifaa kinachosoma milimita, mawili hayo yatakutokea kama wimbi moja. Kifaa kizuri zaidi hakikuokoi. Masafa yaliyo jirani hayatengani mpaka uyape muda. Upande wa pili ni hivyo hivyo: ukitaka kujua jambo limetokea saa ngapi hasa, kata kipande kifupi, na kipande kifupi hakiwezi kukupa masafa kwa usahihi.

Huo ndio ukuta. Karibu kila utafiti wa tawi hili ni watu wanaoupigapiga huo ukuta kuona unakubali nini na unakataa nini.

---

Korosho_Daraja_la_Kwanza (Tandahimba) · #2

Nimeweka kiti mbele kabisa. Ila mwalimu kabla hujaendelea, hii inapandisha bei mnadani au tuendelee kusikilizia redio?

---

Chaki_Nyeupe · #3

Haipandishi hata shilingi, kaka. Ila hiyo redio unayosikilizia ni masafa tupu.

---

Bint_Mikindani · #4

Shikamoo mwalimu. Mimi nipo kidato cha tano, PCM. Kuna kitu sijakielewa. Kama mgeuzo wa Fourier, yaani ile hesabu ya kuuvunja mstari, unatoa masafa yote yaliyomo kwenye sauti, na ukirudi nyuma unaipata sauti ile ile, maana yake hakuna kilichopotea. Mbona inasemekana muda unapotea?

---

Chaki_Nyeupe · #5

Marahaba binti. Swali zuri kuliko bandiko langu.

Haupotei, unafichwa. Rekodi adhana ya asubuhi na honi ya kivuko cha Msanga Mkuu kwenye faili moja, ufanye mgeuzo wa Fourier. Utaona masafa ya adhana yamo na ya honi yamo. Kipi kilitangulia? Habari hiyo imo, lakini imetawanyika kwenye namna mawimbi yote yanavyopishana, wimbi hili limeanza mbele kidogo, lile nyuma kidogo. Jicho haliwezi kuisoma. Kila wimbi safi la Fourier halina mwanzo wala mwisho, liko tangu azali, kwa hiyo ili kuonyesha kimya kati ya adhana na honi inabidi maelfu ya mawimbi yauane kwa pamoja hapo katikati.

Mwaka 1946 Dennis Gabor, mhandisi mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, akasema tusichague upande. Chukua dirisha lenye umbo la kengele, liweke juu ya kipande cha sauti, pima masafa ya kipande hicho tu, sogeza dirisha mbele, pima tena. Unapata ramani: muda unakwenda kulia, masafa yanapanda juu. Alionyesha pia kwamba ukizidisha mtawanyiko wa muda kwa mtawanyiko wa masafa, jibu halishuki chini ya 1 gawanya kwa 4π, yaani 0.08 hivi, na ni umbo la kengele peke yake linalofika hapo chini kabisa. Hesabu ni ile ile ya Heisenberg kwenye fizikia ya chembe. Gabor huyu alipata Nobel 1971, lakini kwa kazi nyingine, holografia.

---

Studio_Masasi · #6

Hii naikuta kazini kila siku, sikujua ina wenyewe.

Niliwahi kurekodi kikundi cha sindimba, ngoma kubwa mbili zimekaa karibu sana kimlio, moja kwenye hezi 70 (mara 70 kwa sekunde), nyingine kama 90, na kijana wa ngoma ndogo anapiga mapigo ya haraka juu yake. Nikafungua spektrogramu, ndiyo ramani hiyo ya muda na masafa, kwenye kompyuta. Pale kuna sehemu ya kuchagua ukubwa wa dirisha. Nikiweka sampuli 8,192, kwa rekodi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, dirisha ni kama sekunde 0.19. Zile ngoma mbili kubwa zinakaa mistari miwili myembamba, safi kabisa, moja juu ya nyingine. Lakini mapigo ya yule kijana yameshikana, doa moja refu, huwezi kusema kapiga mara mbili au mara tatu. Nikashuka mpaka 1,024, yaani sekunde 0.023. Hapo kila pigo limesimama kama nguzo, unayahesabu moja moja. Ngoma kubwa sasa! Zimekuwa mkanda mmoja mnene, hujui ni ngoma moja au mbili.

Nilidhani ni programu yangu ya bure ndiyo mbovu. Nikanunua ya hela. Ile ile.

---

Chaki_Nyeupe · #7

Mkuu hapo umefundisha kuliko mimi. Dirisha la sekunde 0.19 linatenganisha masafa yaliyoachana kwa hezi 5 na kitu, kwa hiyo 70 na 90 unaziona bila shida. La sekunde 0.023 linahitaji mwachano wa hezi 43 hivi, kwa hiyo 20 zinamezwa. Hakuna kampuni itakayokuuzia programu inayovuka hapo.

---

Mzalendo_wa_Kusini (Lindi) · #8

Elimu nzuri lakini ya Wazungu hii. Gesi yetu imewekwa kwenye bomba 2015 ikaenda Dar, sisi tunaletewa mawimbi.

---

Chaki_Nyeupe · #9

La bomba lina nyuzi zake, mkuu, na huko nimeshachangia sana. Hapa tubaki na mawimbi, maana gesi yenyewe tunaifikia sasa hivi.

---

Mpishi_wa_Meli (Mtwara) · #10

Naomba nichangie hapo kwenye gesi. Mimi sio mtaalamu, nilikuwa jikoni kwenye meli ya upimaji huko kwenye kina kirefu. Ila ukikaa kwenye meli utaona kila kitu.

Nyuma ya meli zinavutwa nyaya ndefu, kilometa kadhaa, zimejaa vipaza sauti vya majini. Karibu na meli kuna bunduki za hewa. Zinapiga kila baada ya sekunde kumi hivi, mchana na usiku, mpaka unazoea, zikinyamaza ndiyo unaamka. Mlio unashuka baharini, unaingia chini ya sakafu ya bahari, ukikuta tabaka jipya la mwamba sehemu yake inarudi. Wale jamaa wa kwenye skrini kazi yao ni kusoma mwangwi. Nilimuuliza mmoja, hivi mnaonaje gesi kwenye kelele hii? Akacheka, akasema wao wenyewe hawaoni, wanaoona ni watu wa hesabu wakishapelekewa.

---

Chaki_Nyeupe · #11

Asante sana mpishi, umenirahisishia.

Mwangwi huo ndio uliozaa kitu kikubwa kuliko vyote kwenye fani hii kwa miaka hamsini iliyopita. Fikirieni rekodi yake. Mna masafa ya chini, tuseme hezi 10, ambapo wimbi moja linachukua sekunde 0.1. Mna na ya juu, hezi 80, ambapo wimbi moja ni sekunde 0.0125. Dirisha la Gabor lina upana mmoja tu. Ukiliweka sekunde 0.1, wimbi la hezi 10 linaingia moja, la hezi 80 yanaingia manane, na matabaka mawili membamba yaliyokaribiana yanazama humo humo. Ukilifupisha uone matabaka membamba, hezi 10 haienei hata nusu.

Mtaalamu mmoja wa mafuta wa Ufaransa, Jean Morlet, alikuwa akihangaika na jambo hilo mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Akaacha kung'ang'ania dirisha la upana mmoja. Akachukua wimbi dogo moja, lenye mwanzo na mwisho, akawa analibana na kulinyoosha. Likibanwa linakuwa fupi na masafa yake yanapanda. Likinyooshwa linarefuka na masafa yanashuka. Idadi ya mapigo ndani yake inabaki ile ile. Kwa hiyo mlio wa juu unapimwa kwa kipande kifupi, wa chini kwa kirefu, bila kuamua upya kila mara. Tuviite viwimbi.

Hesabu zake zilikuwa zinatoa majibu sahihi lakini hakuweza kuonyesha kwa nini. Akakutana na Alex Grossmann, mwanafizikia wa Marseille, wakatoa makala pamoja 1984. Mwaka uliofuata Yves Meyer alikuwa kwenye foleni ya mashine ya fotokopi kazini kwake, mwenzake akamwonyesha makala hiyo. Meyer alikuwa mtu wa hamoniki tupu, hesabu za ndani kabisa, za mafuta hajui. Akaisoma na kuona fomula iliyomo humo anaifahamu: Alberto Calderón wa Argentina alishaiandika miaka ya 1960 kwa shughuli nyingine kabisa. Akapanda treni ya kwanza kwenda Marseille.

Mimi hapo ndipo napapenda kuliko mahali popote kwenye habari hii. Mtu wa mafuta na mtu wa hesabu tupu walikuwa na kitu kimoja mikononi, hawajuani, mpaka fotokopi ikawakutanisha.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mwaka 1988 Ingrid Daubechies, Mbelgiji, akatengeneza viwimbi vilivyo vifupi kabisa, sifuri nje ya kipande kidogo, na bado havigusani kihesabu, yaani kimoja hakirudii habari ya kingine. Vya ukoo huo ndivyo FBI ya Marekani ilivyotumia kubana hifadhi ya alama za vidole, na vimo kwenye JPEG 2000, aina ya picha inayotumika kwenye sinema za kidijitali. Meyer alipewa Tuzo ya Abel, ile kubwa ya hesabu, 2017.

---

Mzalendo_wa_Kusini · #12

Kwa hiyo gesi ya Msimbati iligunduliwa kwa hivyo viwimbi. Sasa hapo nimekuelewa.

---

Chaki_Nyeupe · #13

Hapana mkuu, tusiipambe. Songo Songo iligunduliwa 1974, Mnazi Bay, ndiyo hiyo ya Msimbati, 1982. Makala ya Grossmann na Morlet ni 1984. Visima vile vya kwanza vilipatikana kwa mbinu za zamani zaidi, Fourier na jicho la mzoefu. Viwimbi vilikuja baadaye na sasa ni chombo kimojawapo kati ya vingi kwenye usomaji wa mwangwi duniani.

---

Fundi_Mnara (Masasi) · #14

Nina hoja mbili, moja ya kupinga.

Kwanza ile ya siku 15 za bamvua. Mwalimu, ukijua tayari kwamba kuna mawimbi mawili tu, na masafa yake unayajua, unaweza kupata kimo cha kila moja kwa data chache zaidi. Ni milinganyo tu, unatatua. Kwa hiyo huo ukuta sio mgumu kama unavyousema.

Pili, kwenye 4G tunautumia ukuta wenyewe. Mkondo umegawanywa vijia vya masafa vilivyoachana kwa kilohezi 15, na kila alama inadumu maikrosekunde 66.7. Zidisha, unapata moja kamili. Halafu tunaongeza mwanya mdogo kati ya alama na alama ili mwangwi wa milima na majengo usivuruge.

---

Chaki_Nyeupe · #15

Fundi, hoja ya kwanza ndiyo maana niliandika "hujui lolote kuhusu mwezi wala jua". Ukiazima masafa kutoka kwa wanajimu wa anga, umeleta habari kutoka nje, na ukuta unahusu kilichomo ndani ya data. Hata hivyo jaribu kwa data za siku tatu za bandarini, zenye upepo wa kusi na mawimbi ya meli humo ndani. Milinganyo yako itatatulika, lakini kosa dogo la sentimeta kwenye kipimo litarudi limekuzwa mara nyingi kwenye jibu. Wapimaji wa maji wanaijua adha hiyo, ndiyo maana wakipata rekodi fupi huwa hawajaribu kutenganisha kila kitu.

Hoja ya pili ni tamu. Hiyo moja kamili uliyoipata sio bahati. Chora ramani ya muda na masafa, ipige vigae vyenye eneo la 1, kila kigae kinabeba habari moja. Swali la watu wa hesabu: tunaweza kuweka kwenye kila kigae wimbi moja lenye dirisha zuri, lililokaa vyema pande zote mbili, yasigusane na yasiache pengo? Roger Balian mwaka 1981, na Francis Low 1985, walionyesha kwamba haiwezekani kwa njia ya Gabor. Ukijaza vigae sawasawa, dirisha lazima limwagike upande mmoja. Dirisha lenu la 4G linakatwa wima kwenye muda, kwa hiyo linamwagika kwenye masafa. Mnajua hilo, mnaacha nafasi pembezoni mwa mkondo.

Na kuna ujanja ukapatikana. Daubechies, Jaffard na Journé, 1991, wakafuata wazo la mwanafizikia Kenneth Wilson: usiweke wimbi lenye masafa ya kwenda upande mmoja, unganisha la kwenda na la kurudi kwa jozi. Kizuizi cha Balian na Low kinakwepeka. Ilionekana kama mchezo wa wasomi. Tarehe 14 Septemba 2015 vyombo vya LIGO huko Marekani, vya kupima mawimbi ya mvutano, vikanasa mtikisiko wa mashimo meusi mawili yaliyogongana, mlio uliopanda kutoka hezi 35 hadi 250 ndani ya sekunde 0.2. Programu iliyoushtukia kwa dakika chache tu ilikuwa inaisoma data kwa viwimbi vya ukoo huo wa Wilson.

---

Korosho_Daraja_la_Kwanza · #16

Mpaka mashimo meusi tumefika. Na bado niko hapa, nashangaa mwenyewe.

---

Bint_Mikindani · #17

Mwalimu, turudi kwa Fourier kidogo. Alidai umbo lolote linaandikika kama jumla ya saini na kosaini. Je, alikuwa sahihi? Kwamba ukiendelea kujumlisha unafika kweli?

---

Chaki_Nyeupe · #18

Hapo binti umegusa donda la karibu miaka 160.

Jibu fupi: karibu sahihi, na hilo "karibu" limewatesa watu. Mwaka 1873 du Bois-Reymond alitengeneza mstari usiokatika popote, lakini kuna nukta ambapo jumla ya Fourier inakataa kutulia. Mwaka 1915 Luzin wa Urusi akauliza: kwa mstari wowote wenye nishati yenye kikomo (nishati ni jumla ya miraba ya kimo chake), je, jumla inatulia karibu kila mahali, ukiacha nukta chache zisizo na uzito? Kabla jibu halijapatikana, 1923, kijana Kolmogorov akatoa mfano wa kutisha, umbo ambalo jumla yake inayumba karibu kila mahali. Ila umbo lake lilikuwa nje ya sharti la Luzin la nishati. Wengi wakaamini Luzin naye ataangushwa.

Lennart Carleson wa Sweden alitumia miaka akitafuta mfano wa kumwangusha. Amewahi kueleza kwamba alipoona kwa nini kila mfano anaoujenga unakataa, ndipo akashawishika kuwa Luzin yuko sahihi, akageuka na kuthibitisha. Ilikuwa 1966. Tuzo ya Abel akapewa 2006. Uthibitisho wake ni mgumu kusomeka hata kwa wenye fani. Charles Fefferman alitoa mwingine 1973, kisha Michael Lacey na Christoph Thiele wakatoa mfupi mwaka 2000, na hao walitumia vile vigae nilivyomwambia Fundi. Unakata sauti kwenye vigae vyenye eneo la 1, unavipanga kwa makundi kama miti, kila mti unajulikana hauwezi kuleta madhara makubwa, kisha unahesabu miti ni mingapi.

Ndiyo maana nasema hesabu haijaisha. Swali la 1807 lilijibiwa 1966, na jibu lake likapata uelewa mpya 2000.

---

Bint_Mikindani · #19

Naomba lolote ambalo hata sisi tunaweza kulielewa swali lake, hata kama jibu hatuliwezi.

---

Chaki_Nyeupe · #20

Lipo, na linanifaa kwa sababu mmoja wa wanaolifanyia kazi ni Mwafrika.

Chukua mlio mmoja wowote ambao sio kimya, wenye nishati yenye kikomo. Tengeneza nakala zake kadhaa. Kila nakala unaruhusiwa kuichelewesha, kuihamisha masafa, au vyote viwili, ilimradi hakuna nakala mbili zilizohamishwa sawasawa. Kisha zipunguze au zikuze sauti upendavyo na uzijumlishe. Je, unaweza kupata kimya kabisa?

Christopher Heil, Ramanathan na Topiwala mwaka 1996 walidhania kwamba haiwezekani kamwe. Nakala zikiwa tatu au pungufu walithibitisha. Nne tayari zinatoa watu jasho, jaribu kuamini. Peter Linnell alithibitisha 1999 kwa nakala zilizopangika kwenye gridi, kwa kutumia aljebra nzito. Kasso Okoudjou, mzaliwa wa Benin aliyesoma shahada ya kwanza huko huko kwao, akafanya uzamivu Georgia Tech chini ya Heil hadi 2003, na sasa ni profesa Tufts, Marekani, ameandika juu ya jinsi ya kupanda kutoka idadi fulani ya nakala hadi inayofuata: kama dhana ni kweli kwa hizi tatu, kuongeza ya nne kunahitaji nini. Mwenye kutaka njia ya kuanzia Afrika, AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hesabu, walianza Afrika Kusini 2003 na wana kituo Rwanda, wanachukua watu wa nchi mbalimbali za Afrika.

Binti, zoezi lako: nakala mbili tu. Onyesha kwamba haziwezi kuuana. Hesabu ya kidato cha sita inatosha, ukikubali kwamba kuhamisha masafa ni kuzidisha kwa namba changamani yenye ukubwa wa 1.

---

Studio_Masasi · #21

Kwenye studio kuna kugeuza wimbi juu chini na kulijumlisha na lenyewe, linakufa kabisa. Hiyo si kimya?

---

Chaki_Nyeupe · #22

Hiyo ni nakala ile ile mahali pale pale, umeipa alama ya kutoa tu. Sharti ni zihamishwe tofauti. Icheleweshe hata milisekunde moja uone kama inakufa yote.

---

Studio_Masasi · #23

Kweli, inabaki ule mlio wa kama uko ndani ya bomba. Nimeelewa.

---

Bint_Mikindani · #24

Mwalimu nimejaribu.

Tuseme mlio ni f. Nakala mbili zikiuana, maana yake f(t) ni sawa na c mara f(t − a) mara ile namba changamani yenye ukubwa wa 1. Nikichukua ukubwa tu, ile namba inatoka: |f(t)| = |c| · |f(t − a)|. Kuchelewesha hakubadilishi nishati yote, kwa hiyo nishati ya kushoto ni |c|² mara nishati ile ile. Nishati sio sifuri kwa sababu f sio kimya, basi |c| = 1. Hivyo |f(t)| = |f(t − a)|, ukubwa wa mlio unajirudia kila baada ya a, milele, mbele na nyuma. Kitu kinachojirudia milele na sio sifuri kina nishati isiyo na kikomo. Tulisema ina kikomo. Haiwezekani.

---

Fundi_Mnara · #25

Safi sana dada. Ila a ikiwa sifuri? Nakala ya pili haijacheleweshwa, imehamishwa masafa tu. Kujirudia kila baada ya sifuri hakusemi kitu.

---

Bint_Mikindani · #26

Ngoja.

Kama a ni sifuri, f(t) = c · f(t) · ile namba. Nahamisha upande mmoja: f(t) mara (1 − c mara ile namba) ni sifuri. Ile namba inazunguka kadiri t inavyokwenda kwa sababu masafa yamehamishwa kweli, kwa hiyo mabano yanakuwa sifuri kwenye nukta moja moja tu zilizoachana. Kwingine kote mabano sio sifuri, basi f ndiyo sifuri. Nukta moja moja hazina nishati. Kwa hiyo f ni kimya, na tulisema sio kimya.

---

Chaki_Nyeupe · #27

Imetimia pande zote mbili. Sasa tatu: anza na zile ambazo zimecheleweshwa tu bila kuhamishwa masafa, ufanye mgeuzo wa Fourier kabla ya kitu kingine chochote, utaona mabano yako ya #26 yanarudi. Zilizochanganyika tutazifanya Jumamosi, Fundi karibu.